Mwaka Ambao Mtani Wangu Aliacha Kunitania

Kama juzi umeambiwa kwamba kifua chako kina ugonjwa ule, ukarudi nyumbani na kuanza kuwatazama watu wako kwa jicho la pembeni, basi ninakuandikia wewe. Sitakueleza ugonjwa unatoka wapi wala dawa zinafanyaje kazi mwilini. Hayo waulize wenye makoti meupe. Mimi ni fundi cherehani wa Gongoni, hapa Tabora, na ninachokijua ni jinsi nilivyoishi na kifua kikuu kwa zaidi ya miaka miwili, na jinsi nilivyokaribia kujimaliza kwa akili zangu mwenyewe.

Lazima nianze na vitabu, maana bila hivyo hutaelewa.

Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma nilikupenda. Baada ya Uhuru vitabu vya Kiswahili vilipoanza kuonekana mjini, nilijiwekea orodha nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja. Kila kitabu nilichosikia kikisifiwa, kiwe cha hadithi, cha ufugaji wa nyuki au cha tenzi, nilikiandika. Nilivyovipata nilivipanga kwenye ubao juu ya cherehani kwa kufuata orodha, na nilikuwa nikichukua cha kushoto kwanza, hata kama cha kulia ndicho kinachonitamanisha. Kuruka kitabu kwangu ilikuwa sawa na kumshonea mteja wa leo suruali ukamwacha wa juzi. Mke wangu, Mwajuma, alikuwa hajui kusoma hata jina lake, lakini utaratibu huo wa rafu aliujua vizuri kuliko mtu yeyote. Alikuwa akinicheka, anasema vitabu vyangu vimepanga foleni kama watu wa duka la ushirika.

Orodha ilikuwa inakua upesi kuliko macho yangu, na hapo ndipo alipoingia Kibwana. Kibwana ni Mzaramo, fundi wa karakana ya reli, nami ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani tangu enzi za babu zetu waliokuwa wakipita kwao na mizigo mabegani kwenda pwani. Mtani huwezi kumkasirikia. Kibwana alikuwa akiingia kwangu bila hodi, anavaa koti la mteja, ananiita mpagazi wake mbele ya mke wangu, na akisikia nina mafua anauliza kama nimeshachagua pa kuzikwa. Nami namjibu hivyohivyo. Ikitokea msiba kwangu, ni yeye atakayeruhusiwa kuwachekesha watu makaburini.

Siku moja tulibishana nani anasoma zaidi, tukawekeana sharti. Kuanzia Siku ya Uhuru mpaka Siku ya Uhuru ya mwaka unaofuata, kila mtu asome vitabu vya orodha yake. Atakayezidiwa atampa mwenzake shikamoo mwaka mzima, popote wanapokutana, hata sokoni, hata mlangoni pa msikiti. Tulikuwa rika moja, kwa hiyo aibu yake haikuwa ndogo. Na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, kila kitabu kikiisha kulikuwa na mtihani. Mimi nilimshuku kwamba anahesabu vijitabu vya kilimo cha tumbaku kama vitabu kamili. Yeye alinishuku kwamba nasoma mwanzo na mwisho tu. Miaka miwili mfululizo nilimwamkia mimi, na mwaka wa tatu niliapa itakuwa zamu yake.

Mwaka huo wa tatu ndio niliougua.

Kikohozi kilianza mvua zilipokuwa zinaisha. Nilisingizia vumbi la khaki. Halafu kukaja jasho la usiku, shati linakamulika, halafu uchovu wa kushindwa kukanyaga pedali ya cherehani. Mwili wangu niliupima mwenyewe kwa futi yangu ya kazi, kila Ijumaa, nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Kiuno kilikuwa inchi thelathini na tatu. Kikawa thelathini na moja. Kilipofika ishirini na tisa nilikuwa nimeshapunguza suruali zangu mara tatu, na Mwajuma nilimwambia kwamba mtindo umebadilika. Alikwenda kuuchukua mkoba wake, akaniambia tunakwenda hospitali leo hii, si kesho.

Walinipa kikopo cha makohozi, wakapiga picha ya kifua, wakanirudisha mara mbili. Daktari msaidizi alinieleza kwamba nitachomwa sindano sitini, moja kila asubuhi, na vidonge juu yake, kisha nitabaki na vidonge peke yake mpaka utimie mwaka mmoja na nusu. Alisema ninaweza kupona kabisa nisipoacha. Nilimtazama mdomo wakati anasema. Nilishawahi kumwambia mteja kwamba kitambaa chake kimeharibika kidogo tu hali nimekikata kabisa, kwa hiyo sauti ile ya upole niliijua.

Kule kwenye benchi la kusubiri sindano nilifika kabla jua halijapanda. Wewe utakapokaa hapo utaona watu hawasalimiani sana siku za kwanza. Kila mmoja anamkagua mwenzake: huyu amekonda kuliko mimi, yule jana alikuwa na mtu wa kumshika mkono leo hana. Mimi nilikuwa na kitabu, nikajificha nyuma yake. Mzee mmoja mfugaji kutoka Igunga aliuliza kinasema nini. Nilidhani anataka kukiiba, nikamjibu kwa mkato. Kesho yake akauliza tena, nikamsomea ukurasa mmoja ili aniache. Baada ya wiki akawa ananiwekea nafasi, na nikikaa tu anauliza jana tuliishia wapi. Kuna asubuhi ambazo miguu ilikataa kabisa, nikaenda kwa sababu mzee yule alikuwa hajui kama mwizi wa ng'ombe katika hadithi alikamatwa. Kulikuwa pia na muuguzi aliyekuwa akiishika chupa ya dawa kiganjani kwanza, ipate joto kidogo kabla hajanichoma. Sikumbuki kama niliwahi kumshukuru.

Nyumbani ndiko kulikonishinda. Ndugu za Mwajuma walikuja kwa treni kutoka Kaliua, wakakaa siku moja, wakaondoka na binti yetu Zena akakae kwa bibi yake mpaka nipone. Ulikuwa ushauri wa hospitali, na ulikuwa sahihi, lakini mimi niliona nyumba yangu inaanza kubomolewa, wakianza na kilicho chepesi kubeba. Jirani niliyemwazima kitabu mwezi mzima alikirudisha siku hiyohiyo aliposikia, amekifunga kwa gazeti, akakiweka kizingitini na kuondoka bila hodi. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza kwa adabu natemea wapi. Wateja walinipa vitambaa kwa ncha za vidole. Nilikuwa nawaandika wote kichwani, mmoja mmoja, kwa siku ya kupona.

Kibwana peke yake hakubadilika. Alikuja kila Jumapili, akakaa dirishani, akasema mpagazi nimeona mafundi seremala wanakuulizia urefu wako. Alinisaili vitabu vyangu kama kawaida, na nilipokosea jina la mtu mmoja katika hadithi alikikataa kitabu kizima, nikakisoma upya. Huwezi kuamini mtu anafarijika kwa kukataliwa kitabu, lakini nilifarijika sana. Nilijiambia kwamba mtu anayetaniwa hivi bado anahesabiwa na walio hai.

Sindano sitini ziliisha wakati wa vumbi. Masikio yalivuma kama kuna nyuki ndani, nikawa natembea kwa kushika ukuta, na kukaa ilikuwa mtihani: kwa miezi miwili nilikalia ubavu mmoja kama bibi anayepakiwa kwenye baiskeli. Lakini hamu ya chakula ilirudi. Mwajuma alinipikia kisamvu cha karanga, nikala mpaka nikaona haya. Kiuno kikarudi thelathini. Vitabu nilikuwa na kumi na tano, Kibwana alikuwa na kumi na sita, na miezi ilikuwa bado ipo.

Nawe utafikiri hapo nilitulia. Mtu mwenye shaka akipewa nafuu anapata nguvu za kushuku vizuri zaidi.

Kabla ya mvua kuanza, Mwajuma aliniambia ameingia kisomo. Wakati ule nchi nzima ilikuwa inasoma, wazee kwa vijana, na mimi ndiye niliyemsihi miaka yote, kwa hiyo nilipaswa kufurahi. Alikuwa akiondoka kila siku alasiri, hata siku ambazo mabinti wa jirani waliokuwa darasani walibaki nyumbani. Alirudi amechoka, akajikalisha kwenye mkeka kwa ubavu, akapika. Alihamishia kitanda chake chumba cha Zena, akanunua kikombe chake. Siku moja nilimpa gazeti nikamwambia anisomee kichwa cha habari kimoja tu. Alikwama kwenye herufi ya tatu. Wiki tatu za kisomo, na herufi tatu. Nilimwambia mwalimu wake lazima awe mzuri sana wa sura. Alichukua ndoo akaenda kisimani.

Nilikuwa na majibu mawili kichwani. Ama ana mtu, ama kaka zake wa Kaliua wanamtafutia njia ya kutoka kabla mume hajafa. Nililala nayo na kuamka nayo.

Halafu Jumapili moja Kibwana alikuja akapiga hodi.

Alisimama mlangoni mpaka nikamkaribisha. Alikaa kwenye kiti, si dirishani. Aliniita kwa jina langu. Aliuliza hali, akasikiliza jibu mpaka mwisho, kisha akasema, akitazama sakafu, "Ndugu yangu, mwaka huu tuhesabu umeshinda wewe. Mimi nitakuamkia."

Nilikuwa nina vitabu kumi na saba na yeye kumi na nane, na Siku ya Uhuru ilikuwa mbele bado. Nilimwambia anisaili basi kitabu changu cha mwisho. Akasema hapana haja, ananiamini.

Kama hujakulia kwetu huwezi kujua neno lile liliniingiaje. Mtani hakusamehe kitu. Mtani akikuita ndugu, akakuhurumia, akakupa ushindi ambao hukuupata, basi amesikia jambo ambalo wewe hujaambiwa. Niliunganisha vipande vyote kama fundi: sauti ya upole ya daktari, mtoto aliyeondolewa, mke aliyehama chumba, na sasa ulimi wa Kibwana uliokauka. Wote walikuwa wanajua. Vidonge walinipa ili nikae kimya tu.

Kuanzia siku hiyo niliacha dawa.

Sikulitangaza jambo hilo. Kila asubuhi Mwajuma aliniletea maji akauliza, "Baba Zena, umemeza?" nami nikasema nimemeza. Vidonge nilivibana chini ya ulimi mpaka anipe kisogo. Ukutani kulikuwa na koti la mteja mmoja aliyehamishiwa Usinge wakati wa operesheni ya vijiji, hakurudi kulichukua. Nilifumua pindo lake kidogo, nikawa naingiza humo. Nilifanya hivyo siku kumi na tisa. Jasho la usiku lilianza kurudi, na badala ya kuogopa nikajipongeza kwamba nilijua.

Siku ya kumi na tisa niliitazama rafu. Vilikuwa vimebaki vitabu tisa, na nikaona sitavifikia vyote. Cha mwisho kabisa, kule kulia, kilikuwa kitabu kinene cha safari za misafara ya zamani, ambacho mwalimu mmoja aliniachia alipostaafu. Nilikuwa nimekitamani kwa miaka mitatu mizima. Nikasema kama ni kufa, basi foleni hii leo naivunja. Ilikuwa mchana, Mwajuma yuko uani anafua. Nilipanda kigoda, nikakishusha, nikakifungua.

Ndani kulikuwa na kadi ya zahanati, ile ya upande wa nyumba za reli. Rangi yake naijua, kwa kuwa yangu ni hiyohiyo. Jina lilikuwa la Mwajuma. Chini yake kulikuwa na mistari ya sindano, alama moja kila siku, arobaini na nne.

Nilishuka kwenye kigoda nikakaa chini. Kitu cha kwanza kilichonijia akilini kilikuwa ule ukaaji wake kwenye mkeka. Miezi miwili nilikaa vile mimi mwenyewe, halafu nilimtazama yeye wiki sita akikaa vilevile, nikafikiria mwanamume.

Nilimwita. Aliingia na povu mikononi, akaiona kadi, akaona na kitabu ilimotoka. Alijua kwa foleni ile sikupaswa kukifikia kabla hajamaliza sindano zake. Niliona haya, na mtu akiona haya hupandisha sauti, kwa hiyo nilimuuliza kwa ukali kwa nini amenificha, mimi mume wake.

Alikwenda ukutani, akalishusha lile koti, akachukua mkasi wangu na kufumua pindo. Vidonge vikamwagika mkekani. Alikuwa amelishika juzi akitaka kulikung'uta vumbi, akasikia vinagongana ndani.

"Mimi nilikuficha ili tupone wote wawili," alisema. "Wewe umenificha ili ufe peke yako."

Nililia. Sitaki kuandika kwamba machozi yalinilengalenga. Nililia kwa sauti, mpaka kikohozi kikanikamata, naye akanishikilia mgongo, na yeye akaanza kukohoa. Ndiyo mara ya kwanza nilipokisikia kikohozi chake. Alikuwa akienda kukoholea kisimani.

Tulipotulia alinieleza. Alipogundulika, aliogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba nitasema nimemuua mimi, na kwa uchungu huo nitaacha dawa. La pili, kwamba kaka zake wakisikia watakuja kumchukua yeye kama walivyomchukua Zena, nami nitabaki sina wa kuniuliza kila asubuhi. Kibwana alimkuta kwenye benchi la zahanati siku aliyoumia kidole karakanani. Mwajuma alimwapisha asiseme. Kesho yake ndiyo ile Jumapili Kibwana alipokuja kwangu akapiga hodi.

Jioni nilimwendea Kibwana. Nilimwambia kwamba kimya chake nusura kinizike. Alikaa akiupangusa mkono wake kwa kitambaa cha mafuta.

"Kumtania mgonjwa mmoja naweza," alisema. "Nilipomwona shemeji pale benchi, ulimi ulikataa. Kila neno nililotaka kukupiga nalo niliona linampata yeye."

Nilimwambia sitaki ushindi wake wa sadaka. Akasema kumbe mpagazi bado ana kiburi, basi aende na mwili wake ule wa ufito akasome vitabu viwili kabla ya Siku ya Uhuru. Sikuviwahi. Nilimwamkia mwaka mwingine tena, kwa heshima zote.

Kule hospitali nilikwenda na Mwajuma asubuhi iliyofuata, na vidonge vyote kwenye karatasi. Ukiwa umeacha, nenda ukaseme. Nilitarajia kufukuzwa. Daktari msaidizi alivihesabu, akapumua, akanirudisha kwenye sindano, moja mpaka sitini, na mwaka na nusu ukaanza upya. Tuliomba tuwe tunatibiwa mahali pamoja, wakakubali. Mzee wa Igunga hakuwepo tena kwenye benchi, na hakuna aliyeweza kuniambia kama alipona au vinginevyo. Nilikaa nafasi yake, nikamsomea Mwajuma. Alikuwa msikilizaji mgumu. Alikatiza kila ukurasa kuuliza mke wa yule mtu anasemaje.

Alimaliza kabla yangu, mavuno mawili ya karanga baadaye, kwa sababu hakuna siku aliyoiruka. Siku ya mwisho walimpiga picha wakamwambia kifua ni safi. Wiki iliyofuata aliamka, akajifunga kanga, akaja tena kukaa na mimi kwenye benchi, na wiki iliyofuata vilevile, mpaka na mimi nikamaliza. Zena alirudi akiwa mrefu kiasi kwamba nguo zote nilizomshonea kwa kukisia zilimpwaya juu na kuwa fupi chini.

Sasa nimeshapona, na nakwambia wewe uliyeanza juzi: endelea kuwashuku, sitakuzuia, maana hata mimi sijapona hilo. Lakini wale wanaokupikia, wanaokuletea maji ya dawa, wasikilize vifua vyao. Tazama wanavyokaa.

Na wewe mwenyewe kubali kushukiwa. Tangu siku ile ya koti, Mwajuma hakuniuliza tena kama nimemeza. Alisimama mbele yangu kila asubuhi na kusema, "Fungua." Mwanzoni ilinichoma kuliko sindano, mtu mzima kukaguliwa mdomo kama mtoto. Juzi nilikuwa na homa ya kawaida, nikapewa vidonge vya siku tatu, akaja na kikombe cha maji, akasimama palepale. Nilimeza, nikafungua mdomo, nikainua na ulimi ili aone na chini yake.